Krismasi Bila Honi

Mie ni mwalimu wa jiografia wa sekondari, na mabadiliko ya tabianchi nimeyafundisha mpaka naweza kuyaeleza usingizini. Nimechora ubaoni jua, nimechora mishale, nimechora gari lenye mkia wa moshi mweusi, nikawaambia wanafunzi waandike: hewa ukaa. Halafu kengele ikilia natoka nje, nawasha kigari changu chekundu na kiyoyozi chake, narudi Kawe, mie na binti yangu na viti vitatu vitupu. Sikuona ubaya wowote. Hakuna aliyeniuliza kitu mpaka binti yangu alipofika kidato cha pili, katika shule hiyohiyo ninayofundisha, akajiunga na klabu ya mazingira.

Klabu ile iliongozwa na kijana wa baiolojia, mwalimu mpya, mwembamba, mwenye ari inayochosha watu. Kabla shule haijafungwa mwezi wa kumi na mbili akawapa kazi: kila mmoja aandike jinsi familia yake inavyosafiri likizo, aonyeshe moshi unatoka wapi, aseme na nini kingeweza kupunguzwa. Siku ya kusahihisha akaingia ofisi ya walimu na karatasi mkononi, anacheka mpaka anashika meza.

"Jamani, sikilizeni hii," akasema, akasoma kwa sauti.

Binti yangu alikuwa ameandika kwamba sisi ni watu watatu tunaokwenda kwa bibi milimani Morogoro kila Krismasi, kwa magari mawili. Kwamba tukifika mjomba anawasha jenereta tangu asubuhi mpaka watu wakalale, ili soda ziwe baridi. Kwamba tunabeba maji ya chupa, katoni kwa katoni, kutoka Dar es Salaam tunayapeleka kwenye milima ambako maji ya Dar es Salaam yanatoka. Sentensi ya mwisho ilisema: Mama yangu ni mwalimu wa jiografia.

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mwalimu wa Kiswahili, mama mtu mzima anayengoja kustaafu, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge chake. "Nyani haoni kundule," akasema. Nikacheka nao, maana usipocheka ndiyo unazidi kuchekwa, lakini ndani nilikuwa nawaka moto.

Nyumbani sikumngoja hata avue sare. "Umenianika," nikamwambia. "Umenianika mbele ya wenzangu kama dagaa."

"Mama, niliandika uongo?"

Hilo ndilo tatizo la kuzaa mtoto ukiwa mwalimu. Unamfundisha kufikiri, halafu anaanzia kwako. Nikasonya, nikaingia jikoni, nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi. Yeye akanifuata mpaka mlangoni, kwa upole kabisa, jambo lililonikera zaidi, akasema siku hizi kuna treni ya umeme mpaka Morogoro, na kutoka pale tungekodi gari moja watu wote watatu. Maji ya kwa bibi tungeyachemsha. Soda zingekaa kwenye mtungi wa maji, kwani zamani watu hawakunywa? Na taa ya sola ya bibi ingetosha, kwa hiyo jenereta lingebaki Dar.

"Utamwambia wewe mjomba wako," nikamjibu. "Mie simo."

Nilikuwamo, na sababu yangu nilikuwa naijua. Kwetu kuna jambo la honi. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori la misheni, na akifika kwenye kona iliyo chini ya kanisa alikuwa anapiga honi ili mama aweke maji ya chai jikoni. Baba alipokufa, na sie watoto tukapata magari yetu, tukairithi kona ile. Mie napiga mbili fupi. Mdogo wangu wa kiume, fundi wa kuchomelea mageti huko Manzese, anapiga moja ndefu. Mama akisikia anasema, "Huyo mwalimu," au, "Huyo fundi," na maji yanawekwa jikoni. Macho yake yalipoanza kufa kwa presha ya macho, na mwisho yakafa kabisa, honi zikawa ndiyo namna yake ya kutuona.

Nisijifanye malaika lakini. Honi ile inasikika mlima mzima. Nilikuwa naipiga kwa ajili ya mama, ndiyo, na pia kwa ajili ya wale waliosema kwamba msichana niliyekuwa mie, mwenye kupenda vitabu na asiyejua kulima, ataishia kuzeekea jikoni kwa mama. Kwetu mtu akirudi kutoka Dar kwa miguu na begi kichwani, watu wanamwonea huruma kabla hata hajawasalimu. Kigari changu chekundu kilikuwa kinanisemea mengi, nami nilikiacha kiseme.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo lilikuwa zito. Miaka sita nyuma mdogo wangu hakutaka kwenda Krismasi. Alikuwa na mageti ya mteja ya kumaliza. Mama akamtumia ujumbe: njoo, hata siku moja tu, nikusikie. Akamaliza mageti usiku, hakulala, akaondoka asubuhi anasinzia, na karibu na Mikese gari likamshinda, likapinduka. Mie nilikuwa nimeshafika. Nilikaa na mama barazani siku ile, yeye ameshika nguzo, anasikiliza kona. Kila gari lililopita chini aliinua kichwa. Honi ndefu haikuja. Taarifa ilikuja jioni, kwa mdomo wa katekista.

Mdogo wangu alipona, lakini mguu wa kulia uliwekewa vyuma na ukabaki mfupi. Mama hakula. "Ni mimi niliyemwita," alikuwa anasema, anasema, mpaka tukaogopa kwamba tutamzika yeye. Ndipo mdogo wangu, akiwa kitandani hospitali, akaniambia kwenye simu: "Dada, mwambie nimepona kabisa. Mwambie natembea vizuri kama zamani." Nikamwambia hivyo. Mwaka uliofuata akaja na gari jingine, akapiga honi ndefu, akaegesha mpaka kwenye ngazi ya baraza, akashuka, akamkumbatia. Mama akacheka. Akala wali sahani mbili. Tangu hapo hatukumweleza ukweli, na macho ya kumwonyesha hakuwa nayo. Mama yangu aliishi kwa kuamini kwamba mwanawe alirudi mzima, nami niliamini kwamba akijua vinginevyo ataacha kula tena.

Basi Jumamosi moja tukaenda Manzese, mie na binti yangu na karatasi yake. Karakana ya mdogo wangu iko uchochoroni, nyuma tu ya barabara ya Morogoro, mwendokasi zinasikika zikipita. Tulimkuta amekaa kwenye kopo la rangi, mguu ule ameunyoosha mbele, anakunywa chai ya rangi. Akasikiliza somo lote la mpwa wake bila kumkatiza.

"Kuhusu gari sina ugomvi," akasema. "Mwaka jana nilikaa kwenye foleni pale Kibaha mpaka nikajuana na wauza korosho wote. Treni safi tu."

Mie nikashangaa. Nilikuwa nimetegemea anitetee.

"Na jenereta, mjomba?"

Uso ukabadilika. "Aa, jenereta linakwenda."

"Lakini mjomba..."

"Nimesema linakwenda. Nitalibeba kichwani humo kwenye treni. Krismasi bila muziki ni matanga?"

Mafundi wake wakacheka. Binti yangu hakucheka. Akainamia daftari lake, akasema taratibu, "Mwaka jana bibi aliniambia lile jenereta linamuuma kichwa. Alisema tangu mmeanza kuja nalo hasikii mnavyoongea. Anasikia mlio tu, halafu mnaondoka."

Mdogo wangu akaweka kikombe chini. Akachukua miwani yake ya kuchomelea, akaifuta kwa kitambaa, akaifuta tena, muda mrefu, na ilikuwa miwani nyeusi ambayo hata ikifutwa haibadiliki.

"Alisema hivyo?"

"Ndiyo."

"Haya," akasema. "Basi libaki."

Njiani kurudi Kawe nilimsema sana. Nikamwambia binti yangu mjomba wake ni dhaifu, mtoto akilia kidogo tu kwisha. Kichwa changu kigumu hakikuniambia kitu kingine.

Siku mbili kabla ya safari nilifanikiwa kumpata mama kwenye simu. Anaishi na dada yetu, binti wa mama mdogo, mwanamke wa makamo, mwenye simu ambayo hushika mtandao kanisani tu. Ilikuwa Jumapili, misa imekwisha.

"Mnakuja lini?" mama akauliza.

"Keshokutwa mama, saa nane mchana tumefika."

"Wote wawili?"

"Wote wawili, na mjukuu wako."

"Haya. Nitasikia honi."

Hapo nilipaswa kusema: mama, mwaka huu hakuna honi, tunakuja kwa treni. Maneno mepesi kabisa. Lakini niliwaza atakavyowajibu majirani wakimuuliza gari la mwanao liko wapi, nikawaza watakavyonitazama, nikasema, "Haya mama." Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Gari la kukodi kutoka Morogoro mjini lingefika kwenye kona, ningemwomba dereva apige mbili fupi na moja ndefu, na mambo yangeisha kimyakimya. Binti yangu alikuwa amekaa pembeni anakunja nguo.

"Mama, mbona hukumwambia?"

"Kunja nguo," nikamwambia.

Siku ya safari tulikutana Manzese, tukapanda mwendokasi mpaka mjini, tukaenda stesheni. Kila mtu na begi moja, hiyo ilikuwa amri ya klabu. Mie nilikuwa na vitenge vya mama na kilo tano za mchele, na nilijiona kama mkimbizi. Ila niseme ukweli: treni ilipoondoka, haikutikisika wala haikunguruma, ikaiacha Pugu nyuma kabla sijamaliza kulalamika. Mdogo wangu alilala mdomo wazi. Tulipovuka Mto Ruvu binti yangu akanigusa kiwiko, akaonyesha maji chini, ya rangi ya chai ya maziwa.

"Haya ndiyo ya bombani kwetu, eti mama?"

"Ndiyo," nikasema. "Yanatoka kwa bibi." Nikakumbuka zile katoni za maji za miaka yote, nikaona aibu ya kweli, siyo ile ya ofisini. Nilikuwa nimefundisha mto ule kwenye ramani mara ngapi? Sikuwahi kuuonea haya.

Morogoro mjini tukakodi gari la kijana mmoja mchangamfu, akakubali kutupeleka mpaka barazani. Nikamweleza habari ya honi. Akasema hamna shida, mama, hata wimbo nitapiga. Tukaanza kupanda. Mvua ilikuwa imenyesha milimani tangu juzi, kila korongo lilikuwa linaongea. Tulipofika kwenye daraja la mwisho, lile la mbao, tukakuta maji yameng'oa mbao za katikati. Watu walikuwa wanavuka kwa kushika kamba. Gari halipiti.

"Mwisho hapa, mama yangu," dereva akasema.

Saa yangu ilionyesha saa tisa kasoro. Kutoka pale mpaka nyumbani ni mwendo wa saa nzima kwa mtu mzima wa miguu, mlima mtupu. Nikaanza kufoka. Nikaifokea mvua, nikaifokea halmashauri, nikamfokea binti yangu kwamba haya yote ni matunda ya klabu yake, ingawa magari yetu nayo yangekwama palepale na nilikuwa najua. Ndipo nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa barabara, jasho linamtoka, ingawa kulikuwa na ubaridi.

"Mguu unauma?" nikamuuliza.

"Siyo mguu," akasema. "Dada, mama atanisikia."

Nikamwelewa palepale. Kutoka kanisani mpaka kwetu njia ni ya mawe, na mama kwa masikio yale anamjua hata kuku wa jirani. Mtu anayechechemea akipanda njia ile, atamsikia kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Tulivuka kwa kamba, tukaanza kutembea. Alikuwa anapumzika kila baada ya muda, mkono kwenye paja. Nikiwa pale Manzese namwona anazunguka karakana, sikuwahi kujua mguu ule unamtesa kiasi hicho. Binti yangu akachukua begi lake, akaliweka juu ya la kwake. Watu waliotupita walitusalimia, wakatazama viatu vyetu, wakatazama nyuma kutafuta gari. Ajabu ni kwamba sikuwajali. Shingo yangu yote ya kiburi ilikuwa imelainika, nilikuwa nawaza mama tu.

Tulipofika kwenye kona chini ya kanisa ilikuwa saa kumi na moja. Mdogo wangu akasimama mahali palepale tunapopigaga honi.

"Mama anajua kwamba hatuna magari?"

Nikauhamishia mchele bega la pili.

"Dada. Anajua?"

"Hajui," nikasema. "Nilimwambia saa nane. Alisema atasikia honi, nami nikamwitikia tu."

Sijawahi kumwona mdogo wangu amekasirika vile. Ni mtu wa utani, tangu mtoto. "We si ndiye uliyekaa naye siku ile?" akasema. "We si ndiye uliyeniambia alivyoshika nguzo? Kwa muda wa saa tatu sasa anasikiliza kona, kimya. Unajua anawaza nini? Unajua?" Akanionyesha njia ya juu. "Nenda. Kimbia. Mie nitakuja."

Nikambwagia binti yangu mchele, nikapanda. Sikukimbia, kwa umri huu hakuna kukimbia mlima ule, lakini nilipanda kama anayefukuzwa, nahema kama mvukuto, viatu vinateleza kwenye mawe. Njiani nilipanga uongo mwingine, Mungu anisamehe. Nitamwingiza mama ndani haraka. Nitafungua redio ya dada yetu. Nitapiga vigelegele, nitaimba nyimbo za Noeli kwa sauti, mpaka mdogo wangu afike, akae kwenye kiti. Nilikuwa nimeshachagua hata wimbo.

Mama alikuwa barazani, amesimama, ameshika nguzo ileile. Rozari mkononi. Dada yetu alikuwa pembeni yake, anataka kunipokea, na mama akainua kidole kumzuia. Aligeuza sikio upande wangu. Nikapunguza mwendo bila kujijua.

"Bado unaburuta mguu wa kushoto," mama akasema. "Nilikununulia viatu jozi mbili mwaka mmoja, nikadhani kosa ni la mshona viatu."

Nikaanza kulia kama mtoto. Miaka yangu yote ya darasa la kwanza mpaka la saba nilikuwa narudi kutoka shule kwa njia ile ya mawe, na yeye alikuwa ananisikia.

"Mama, shikamoo. Mama, nisamehe, hatukuja na..."

"Mwenzio yuko wapi?"

"Yuko nyuma, mama, yuko mzima, anakuja na mjukuu wako. Tumekuja kwa miguu, daraja limekwenda. Twende ndani, mama, baridi hii..."

"Nyamaza nisikie."

Nikashika mkono wake, nikavuta kidogo. Nikafungua mdomo kuanza ule wimbo wangu. Hakuupa nafasi, alinibana kiganja kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, nikafunga mdomo. Tukasimama watu watatu pale barazani, hakuna redio, hakuna jenereta, kuna korongo tu chini na jogoo wa mtu. Halafu zikaanza kusikika. Hatua nzito, halafu ya kuburuta. Nzito, ya kuburuta. Jiwe likaporomoka. Kimya, alikuwa anapumzika. Halafu tena. Njia nzima kutoka kanisani mama aliisikiliza, midomo inatembea kidogo, sikujua kama anasali au anahesabu.

"Mguu mmoja unachelewa," akasema. "Tangu lini?"

Dada yetu akanitazama mie.

"Nakuuliza wewe, mwalimu. Tangu lini?"

"Tangu siku ile, mama."

Akaachia nguzo. Mie nikamshika kiuno, nilijua anaanguka, nilijua sasa yatarudi yale yale, ni mimi niliyemwita, ni mimi. Lakini hakuanguka. Alikuwa anatafuta ngazi kwa mguu. Akashuka, moja, mbili, tatu, akasimama uwanjani mikono imenyooka mbele. Mdogo wangu akatokea kwenye migomba, binti yangu nyuma yake na mabegi mawili na mchele kichwani. Alipomwona mama amesimama pale akajaribu kunyoosha mwili, akaanza kutembea vizuri. Niliona kwa macho yangu: alitembea vizuri kabisa, jasho linamwagika, hatua kama nne tano, halafu mguu ukamkatalia.

"Acha," mama akamwambia. "Tembea unavyotembea."

Akatembea anavyotembea. Mama akamshika mabega, akashuka na mikono yake mpaka kwenye nyonga, mpaka kwenye goti, akainama kabisa, akaushika mguu ule kwenye kovu, juu ya suruali.

"Kila mwaka ulikuwa unakuja hapa," akasema. "Ulinificha vipi?"

"Ni hatua saba tu, mama, kutoka kwenye gari mpaka kwenye kiti. Saba naziweza. Nikishakaa nawasha jenereta. Nikitaka kusimama naongeza muziki."

Mie nilikaa chini, palepale kwenye ngazi. Soda baridi! Miaka mitano nilikuwa nimekunywa soda zile, nikamcheka kwa kupenda makelele, na mwaka huu nikamwita dhaifu kwa sababu alikubali kuliacha. Alikuwa ameliacha huku akijua. Mama akitaka kutusikia, basi atusikie.

Mama akainuka. Kisha akampiga kofi dogo begani. "Miaka yote hiyo kinauma kichwa changu," akasema, "kumbe unauma mguu wako." Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na mdogo wangu vilevile, wameshikana pale uwanjani, na dada yetu akakumbuka kwamba maji ya chai hayajawekwa jikoni kwa kuwa hakuna aliyepiga honi.

Jioni ile mama aliagiza mafuta ya nazi. Akamkalisha mdogo wangu chini, mguu kwenye mapaja yake, akaukanda taratibu bila kuulizwa. Mara moja tu alisema, "Nilikuita mimi." Mdogo wangu akamjibu, "Uliniita, nikaja. Ningeitwa na nani mwingine?" Nikangoja kuona. Sahani ya wali ilipoletwa, mama akanawa mikono, akala. Akaomba na nyongeza.

Tuliongea mpaka taa ya sola ikaanza kufifia. Mama alitaka habari zote, hata zile za ofisi ya walimu, na nilipofika kwenye katoni za maji ya chupa alicheka mpaka akapaliwa. Akamwita mjukuu wake, akamwambia siku nyingine amwandikie na yeye karatasi, amwonyeshe bibi moshi wake uko wapi. Binti yangu akasema bibi hana moshi wa kuandika. Mama akaonekana kukasirika kidogo, kama mtu aliyenyimwa fungu lake.

Asubuhi ya Krismasi tukaenda kanisani. Ni njia ileile, mara hii inateremka. Mama aliweka mkono kwenye bega la mdogo wangu, wakatangulia, yeye asiyeona na yeye anayechechemea, wanasubiriana kwenye kila jiwe. Watu walisimama milangoni kutazama, wakaniuliza gari liko wapi. Nikawajibu limebaki Kawe, limepumzika. Mama hakugeuza kichwa.

"Na wewe huko nyuma," akasema, "inua huo mguu. Viatu vinaisha."